Neno Nililolimeza

Daktari alivua miwani, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mwambie mama kwamba mionzi hukausha uke na kuubana, kwa hiyo asiuache ukajifunga. Atatumia kifaa hiki na jeli, mara mbili tatu kwa wiki. Baada ya wiki chache yeye na mzee wanaweza kuendelea na unyumba wao. Na mzee asiogope, haambukizwi kitu."

Nikamgeukia habaryar wangu, nikamwambia kwa Kisomali: "Anasema upumzike sana, na unywe maji mengi."

"Ameelewa?" daktari akauliza.

"Ameelewa."

Habaryar aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyepewa wasia. Daktari akaninyooshea kile kifaa kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Sikukipokea. Nilimwomba aniandikie jina la kifaa hicho, nikasema nitamweleza mama tukifika nyumbani. Kikaratasi nilikikunja mara nne, nikakitia ndani ya daftari langu la fasihi.

Ilikuwa Mei 2014. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, miaka 22, sijaolewa. Msichana wa Kisomali ambaye hajaolewa hatakiwi hata kuonekana ameielewa sentensi ile, sembuse kuitamka mbele ya mdogo wa mama yake.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita jirani yangu hapa Bulla Iftin, Garissa, alinibishia mlango baada ya magharibi. Wifi yake amemaliza mionzi, ana miadi asubuhi, naye hajui Kiswahili. "Wewe ni mwalimu wa Kiswahili," akasema, "hakuna neno litakalokushinda." Nilimkubalia, kisha sikupata usingizi.

Habaryar ni mama mdogo, na kwetu Wasomali mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile ambalo mdogo humwitia yeye. Mimi namwita habaryar, naye ananiita habaryar. Mama anamwita mwanawe hooyo, yaani mama. Wenzangu wa shuleni hucheka wakisikia, ila mimi naona kuna jambo humo: jina moja limefungwa ncha zote mbili kama kamba, na ukivuta upande wako mwenzako anahisi.

Alikuwa na miaka 41 na watoto saba alipoteremka kutoka upande wa Modogashe. Alikuwa akitokwa damu kwa miezi mingi, na ilianzia pale ambapo mwanamke haambii mtu: baada ya kulala na mumewe. Aliichukua kuwa hedhi iliyopotea njia. Huku kwetu hospitali wakati huo hazikuwa na mashine ya mionzi, na safari yetu ilikuwa ile ya kila mgonjwa wa Kaskazini Mashariki: basi la Garissa, daraja la Tana, wote chini kuonyesha vitambulisho, wote ndani tena, Mwingi, Thika, mpaka Eastleigh, Nairobi, kilomita 370 hivi. Aliyetoka Mandera huwa ameshasafiri siku nzima au zaidi kabla hajaliona hilo daraja.

Uchunguzi wa kwanza haukuwezekana. Chombo hakikuingia. Habaryar alikeketwa utotoni kwa ule mtindo tunaouita wa firauni, wa kukata na kushona, na miaka ishirini na mitano ya ndoa na uzazi wa watoto saba vilikuwa vimeacha kovu juu ya kovu. Ilibidi alazwe na apigwe sindano ya usingizi ndipo waone mlango wa kizazi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka huo huo wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Kisomali nchini, 94 wamekeketwa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa imepitishwa mwaka 2011, ila sheria haifumui nyuzi zilizoshonwa zamani. Muuguzi aliyetoka chumbani alinitazama mimi, si yeye, akaniuliza taratibu: "Huyu alikuwa anaishije na mume?" Na hilo pia sikulitafsiri.

Ikawa ni saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi ya nje ilikuwa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila wiki dripu moja ya kemo. Baadaye ikaja mionzi ya ndani. Walimchora mistari ya wino nyongani na chini ya kitovu, wakamwonya isifutike kwa sababu ndiyo inayoelekeza mashine. Habaryar hakuuliza kama atapona. Aliuliza ataogaje josho. Kwa wiki tano nilimwona akijimwagia maji kwa kikombe cha plastiki, kiganja kimoja kimefunika mistari, kama anayekinga mshumaa usizimwe na upepo. Ikifika siku ya tano mistari imefifia hata hivyo, nao wanamchora upya Jumatatu.

Katikati ya wiki hizo, Aprili, serikali ikaanzisha operesheni Usalama Watch, na maelfu ya Wasomali wakakamatwa, wengi wao Eastleigh, na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Sisi tulikuwa tunatoka alfajiri, kitambulisho mkono mmoja, kadi ya hospitali mkono wa pili. Hakukosa hata siku moja. Nalitaja hili kwa sababu watu husema wanawake wetu hawafuati matibabu.

Naomba nisimame kidogo kwenye neno "kuchomwa", maana lilitugharimu. Kenya mtu akienda mionzi tunasema anaenda kuchomwa. Kisomali kina neno la mionzi, shucaac, lakini mimi sikulijua. Nililijua neno dab, moto. Nikamwambia habaryar na kila aliyepiga simu kutoka nyumbani kwamba anatibiwa kwa moto. Kumbe kwetu moto ni dawa inayojulikana: mganga hupasha kijiti au chuma mpaka kiwake, akagusisha penye maumivu. Wazee wengi wana alama hizo tumboni. Kwa hiyo mumewe aliposikia mkewe amechomwa ndani, tena kwa wiki saba, aliona picha iliyokamilika kichwani mwake. Hakuhitaji kuuliza zaidi.

Mwaka 2020, kwa makadirio ya kimataifa, wanawake 5,236 wa Kenya waligunduliwa na saratani ya mlango wa kizazi, na 3,211 walikufa kwayo. Takwimu tunazosomewa mara nyingi huwa na safu mbili tu, waliougua na waliokufa. Habaryar hayumo katika safu ya pili, na familia ilichinja ngamia kwa shukrani. Aliyepona hana safu.

Niliporudi nyumbani kwa likizo baada ya matibabu yale, niliona mambo mawili nisiyataje. La kwanza, mzee alikuwa akilala uani, kwenye mkeka chini ya mwarobaini, hata siku za baridi. La pili lilikuwa dabqaad. Hicho ni chetezo cha udongo, na habaryar alikuwa na kimoja cheupe chenye mdomo uliomeguka, cha kutilia uunsi, udi wetu unaopikwa kwa sukari na manukato. Zamani, kila Alhamisi jioni, ungemkuta amekitega chini ya gauni, moshi unampanda mwilini, mashavu yanang'aa, na sisi watoto tunafukuzwa tukacheze kwa jirani. Sasa kilikuwa juu ya kabati, kimejaa vifungo na betri zilizokwisha.

Mwaka uliofuata matibabu mzee alioa mke wa pili. Watu walisema ana haki yake. Habaryar alimpokea mke mwenza kwa maziwa, kama desturi inavyotaka, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Niliolewa mwishoni mwa 2016. Usiku wa hina, wanawake walipochoka kuimba, habaryar aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani kwangu. Ni kazi ya mama mdogo hiyo, kumfundisha bi harusi. Watu wa nje hudhani kwetu mambo haya hayasemwi kabisa. Hayasemwi mbele ya mwanamume, mbele ya mtoto, mbele ya koti jeupe. Wakiwa peke yao wanawake walioolewa, katika nyimbo za harusi na jikoni, husemwa kwa mafumbo ambayo yangemfanya daktari ashike kichwa. Habaryar alinieleza mengi, kwa ustadi na kwa kucheka. Kisha akatazama hina yake ikikauka viganjani, akasema: "Mimi haya nakufundisha kwa kumbukumbu tu. Kwangu pamefungwa."

Nilijifanya sikuelewa. Akaendelea. Mara mbili walijaribu baada ya Nairobi. Maumivu yalikuwa kama kisu, na damu ikatoka. Mzee aliogopa kuliko yeye. Hedhi ilikatika ghafla, na joto likawa linampanda usiku mpaka anavua kila kitu. Alimeza dawa za malaria mara nne. Akadhani ugonjwa umerudi na ni siri baina yake na Mungu. Damu ndogo ndogo nazo zikamfanya asiwe na hakika kama sala yake inafaa, akaacha kusali kwa miezi. Miezi! Jambo ambalo ustadha wa madrasa ya wanawake hapa mjini alilimaliza kwa dakika tano nilipompelekea: hiyo ni istihadha, tawadha kwa kila sala na uswali, na wanazuoni wengi hawamkatazi mume. Ustadha huyo alinikumbusha wanawake wa Ansari, ambao Bibi Aisha aliwasifu kwamba haya haikuwazuia kuuliza dini yao. Aliniuliza pia kwa nini hakuja mwenyewe. Ningejibu nini?

Lakini usiku ule wa hina nilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa kwenye daftari la fasihi, ndani ya sanduku chini ya kitanda tulichokalia. Nilimwambia. Nilimrudishia sentensi ya daktari yote, neno kwa neno, na uke nikauita kwa jina lake la Kisomali, jina ambalo sikuwahi kulitoa kinywani mbele ya mtu mzima. Nilisubiri anipige.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Ulimwonea haya nani, mimi au daktari?"

Sikujua. Mpaka leo sina hakika. Nadhani nilijionea haya mimi.

Nilipofika kwenye maneno kwamba huenda mwanzoni akahisi maumivu, alicheka kicheko kikubwa ambacho nje walidhani ni cha harusi. "Habaryar," akasema, "lini hayakuwepo?" Nimekirudia kicheko hicho mara nyingi. Tunazungumza kuhusu kumrudishia mwanamke raha yake baada ya saratani kana kwamba alikuwa nayo yote, ikaibwa siku moja wodini. Mwanamke aliyeshonwa akiwa na miaka saba alianza ndoa yake kwa kovu. Edna Adan Ismail, mkunga wa Hargeisa, alisimama kuyasema haya hadharani tangu miaka ya 1970, akiwa Msomali na Mwislamu mbele ya Wasomali na Waislamu, na wengi wakaziba masikio. Hata hivyo nisimpunje habaryar. Dabqaad ile haikuwa ya maonyesho. Katikati ya hayo yote walikuwa wamejitengenezea kitu chao, na hicho ndicho alichokuwa akikililia.

Vifaa vilitoka Leicester. Binti ya mjomba wangu anaishi huko, na aliposikia alishangaa: Uingereza wanawake waliopigwa mionzi ya nyonga hupewa na kuelekezwa na muuguzi. Alivituma kwa mtu aliyekuwa akija likizo, ndani ya kopo la biskuti. Vilikuwa vinne, vya plastiki nyeupe, laini, mviringo kwenye ncha, kimoja kimeingia ndani ya kingine kama sufuria za dukani. Kidogo kabisa kama kidole cha shahada. Watoto walivikuta wakadhani ni mishumaa. Mmoja alikuwa ameshaomba kiberiti.

Aliyemfundisha alikuwa muuguzi mmoja mzaliwa wa Lamu, mama wa makamo aliyekuwa akifanya kazi hapa Garissa. Kisomali chake kilikuwa cha sokoni, kilichovunjika kila upande, lakini hakuna neno aliloliruka. Alimlaza habaryar chali, magoti juu, akamwambia apumue kama anayepoza chai. Jeli ya maji, si samli, si mafuta ya nywele, si vaseline. Anza na kile kidogo, usisukume, kitulie dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa wiki. Tone la damu lisikutishe. Ikiwa nyingi, njoo. Kwa ukavu alimwelekeza kwa daktari ampe krimu ya homoni. Alimwambia wazi pia kwamba wenzake huanza wiki kama nne baada ya mionzi kuisha, na yeye amechelewa miaka miwili na nusu, kwa hiyo asitarajie miujiza. Nilikuwa nimesimama dirishani nikihesabu miezi.

Muuguzi huyo ndiye aliyenieleza habari za somo. Kwao pwani bi harusi hupewa somo wa kumfunza na kumtunza siku za fungate. "Tatizo lenu hapa," aliniambia tukinywa chai, "si kwamba hamna somo. Mnao, mama wadogo na mashangazi. Lakini somo wa bibi harusi keshajua njia, ameipita. Mwanamke aliyetoka mionzini ni bibi harusi wa pili, na hiyo njia yake hata mama yake hakuipita. Somo wake ni nani?" Sijasikia mtu akilisema vizuri zaidi, na nimekaa mikutano mingi.

Mzee naye alizungumzishwa na mwanamume mwenzake, tabibu mmoja mstaafu wanayeswali pamoja. Nilisimuliwa tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama moto umeshatoka mwilini mwa mkewe. Akaambiwa haukuwa moto, ni miale kama ya ile picha ya eksirei, nguvu zaidi, na mashine ikizimwa nayo haipo. Akasema: "Niliambiwa amechomwa. Nani anagusa kilichochomwa kabla hakijapona?" Alilala uani ule muda wote ili asimuumize. Mji mzima tulimweka kwenye kundi la wanaume wasio na huruma, na mimi ndiye niliyempelekea neno moto kwa simu.

Je, mambo yalirudi? Si kama zamani. Mke wa pili yupo, ana watoto wawili, na habaryar huwabeba mgongoni. Alivitumia vile vifaa kwa zaidi ya mwaka. Cha nne hakikuingia kamwe, cha tatu ndiyo. Aliniambia hivyo tu, kwa namba, na nikaelewa. Idi ya mwaka 2018 nilipomtembelea niliinua macho juu ya kabati, nikaona vifungo na betri vimehamishiwa kwenye kopo la biskuti la Leicester. Chetezo hakikuwepo.

Siku hizi Garissa ina kituo cha saratani cha kanda ndani ya hospitali ya rufaa ya kaunti, na mashine ya mionzi iko hapa hapa. Wanaletwa wagonjwa wa Wajir, Mandera, Tana River na wakimbizi wa kambi za Dadaab. Bima ya NHIF imeondoka, ya SHA imeingia. Tangu Oktoba 2019 wasichana wa miaka kumi wanachanjwa dhidi ya virusi vinavyoleta saratani hii, na binti yangu naye atafika huko. Ni mambo makubwa haya, tuliyoyaomba. Kilomita 370 zimefutwa. Umbali uliobaki ni ule wa kutoka mdomo wa daktari hadi sikio la mgonjwa, na katikati yake mara nyingi ameketi mtu kama mimi: mpwa, binti, mfagiaji aliyeitwa kutoka korido, au mtoto wa kiume wa miaka kumi na sita anayetakiwa kumwambia mama yake habari za uke wake. Mtoto huyo atasema nini? Atasema upumzike, unywe maji. Kama ningeulizwa pesa ziende wapi, ningesema kwa wanawake wawili watatu wanaojua Kisomali, walioolewa, wenye umri, wafundishwe na walipwe kwa kazi hiyo tu, wakae na mgonjwa mlango ukiwa umefungwa, kabla mionzi haijaanza na baada ya kuisha. Ni mshahara mdogo ukiulinganisha na mashine.

Asubuhi ile wifi wa jirani alikuwa ameshafika kabla yangu. Mama wa miaka sitini na kitu, mjukuu mapajani, hina mpya vidoleni. Njiani nilikuwa nimejishawishi kwamba kwa umri wake sehemu ile haitahusika. Muuguzi, msichana mdogo kuliko wanafunzi wangu wa zamani, alifungua faili, akaeleza kwa dakika nzima bila kupepesa macho: ukavu, kubana, kifaa, jeli, mume. Kisha akaninyamazia.

Nilianza vizuri. Nikasema ukavu. Nikasema kubana. Nilipofika kwenye kifaa sauti ilishuka, na nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukitafuta njia ya kuelekea kwenye maji na mapumziko.

Yule mama alinitazama. Alimshusha mjukuu, akampa biskuti, akamwambia akamwangalie babu yake pale nje kwenye benchi. Mlango ulipojifunga akaniuliza: "Hayo ndiyo yote aliyosema, au kuna mengine umeyameza?"

Nikamwambia kuna mengine. Nikavuta kiti karibu.